Chupa Iliyosahauliwa Kwenye Friza



Jua la mijini halina huruma. Mtu akitarajia wageni jioni, na chupa yake ya mvinyo imekaa kabatini tangu sikukuu iliyopita, hutafuta njia ya mkato. Huifungua friza, sehemu ile tunayogandishia nyama na samaki, akailaza chupa humo na kusema moyoni, "Nusu saa tu itatosha." Wageni wanafika, mazungumzo yananoga, na ile nusu saa inageuka kuwa usiku kucha. Asubuhi mama mwenye nyumba anakwenda kutoa samaki. Anakuta kizibo kimesukumwa nje, barafu nyekundu imetapakaa juu ya mfuko wa nyama, na chupa imepasuka kuanzia shingoni hadi kitakoni.

Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja atasema mvinyo ule ulikuwa mbovu tangu dukani. Mwingine atasema ni chupa za siku hizi, hazina uimara. Wa tatu atashauri uyeyushwe, uchujwe kwa kitambaa, unywewe, kwa kuwa fedha imekwisha kutoka. Hebu basi tujiulize: ni nini hasa kinachotokea mvinyo unapoganda? Na je, kinywaji kilichoganda kina haki ya kurudi mezani, au, hasa, kurudi kwenye rafu ya duka na kuuzwa kwa mteja mwingine?

Natambua kwamba wako wasikilizaji ambao dini yao au hiari yao haiwaruhusu kugusa kileo. Nawaomba nao watege sikio, kwa sababu kanuni tutakayoieleza ndiyo hiyo hiyo inayopasua chupa ya soda ya mtoto, na kigae cha chupa hakiulizi mtu dini yake.

Tuanze na mvinyo wenyewe. Mvinyo wa kawaida ni maji kwa sehemu kubwa. Katika chupa ya mililita 750, ikiwa nguvu ya kileo ni asilimia 12, alkoholi ni mililita 90 hivi. Kiasi cha mililita 650 ni maji, na kinachobaki ni sukari kidogo, tindikali ya zabibu, rangi, na vile vitu vidogo vidogo vinavyoleta harufu na ladha. Vitu hivi vinaishi pamoja kwa amani mpaka baridi kali inapoingia kati yao.

Maji matupu huganda kwenye nyuzi sifuri. Alkoholi tupu haigandi mpaka ifike karibu nyuzi 114 chini ya sifuri, baridi ambayo haiko katika nyumba ya mtu yeyote. Kwa hiyo mvinyo, ambao ni mchanganyiko wa viwili hivi, huanza kuganda mahali fulani katikati, kwenye nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri. Friza ya nyumbani inayofanya kazi vizuri huwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Ndiyo maana mvinyo huganda humo, na bia, ambayo ina kileo kidogo zaidi, huwahi kuganda kabla yake. Lakini chupa ya pombe kali yenye asilimia 40 inaweza kulala humo mwezi mzima na isigande.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Mvinyo hauondoki wote kwa pamoja kuwa barafu. Maji ndiyo yanayotangulia. Yanajitenga taratibu, yanajijengea vipande vya barafu, na kuiacha alkoholi na sukari na tindikali katika majimaji yanayobaki. Kadiri barafu inavyozidi, ndivyo majimaji yale yanavyozidi kuwa makali. Ukiitazama chupa iliyoganda nusu, unachokiona ni barafu isiyo na ladha kubwa, na katikati yake mvinyo mkali kuliko ule ulioununua. Kwa maneno mengine, baridi hutenganisha. Neno hili tulishike, maana tutalirudia.

Jambo la pili ni kutanuka. Vitu vingi vikipoa husinyaa, lakini maji yana ukaidi wao: yakigeuka barafu huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Turudi kwenye chupa yetu. Hata kama ni nusu tu ya maji yaliyomo itakayoganda, ujazo utaongezeka kwa takriban mililita 30. Na ile nafasi tupu iliyo chini ya kizibo ni ya mililita chache tu. Hizo nyingine ziende wapi? Kioo hakinyumbuliki. Kama kizibo ni dhaifu, kitasukumwa juu. Kama kizibo kimeshika sana, kioo kitasalimu amri. Hakuna ubovu wa mvinyo hapo wala ubovu wa kiwanda.

Kwa mvinyo wenye povu, kama shampeni, hatari ni kubwa zaidi. Chupa ya shampeni hata kabla ya kuguswa na baridi ina mgandamizo wa hewa unaofikia kama mara mbili au tatu ya ule ulio katika gurudumu la gari dogo. Ongeza juu yake barafu inayotanuka, na unayoishika mkononi si chupa tena. Vivyo hivyo soda ya chupa ya kioo. Mtu anayeitoa ikiwa imeganda, akaigonga mezani au akaikaza kwa mkono ili aifungue, anayaweka macho yake na ya watoto wanaomzunguka rehani.

Baada ya kusema hayo, mtu anaweza kudhani kwamba baridi ni adui wa mvinyo. La hasha. Wako watu duniani walioijua tabia hii ya baridi, na badala ya kuikimbia wakaifanya mtumishi wao.

Huko Ujerumani iko aina ya mvinyo iitwayo Eiswein, yaani mvinyo wa barafu. Wakulima huziacha zabibu mtini baada ya mavuno ya kawaida, wakingoja majira ya baridi kali. Habari za kale zinazotajwa mara nyingi ni za kijiji cha Dromersheim, karibu na mji wa Bingen, ambako zabibu za mwaka 1829 zilizoachwa shambani zilichumwa zikiwa zimeganda mwezi Februari 1830. Sheria ya Wajerumani inataka zabibu zichumwe baridi ikiwa imefika angalau nyuzi 7 chini ya sifuri. Wakanada, ambao nao wamekuwa hodari katika kazi hii, wanataka nyuzi 8. Wachumaji hutoka usiku wa manane au alfajiri, vidole vikiwa vimekufa ganzi, na zabibu hukamuliwa papo hapo zikiwa ngumu kama gololi. Maji yaliyoganda hubaki katika makapi kama barafu, na kinachotiririka ni matone machache ya juisi nzito yenye sukari nyingi na tindikali nyingi. Mavuno yake ni haba sana yakilinganishwa na ya zabibu za kawaida, na kwa hiyo bei yake ni kubwa, na mara nyingi huuzwa katika chupa ndogo za nusu.

Mwaka 1983 kiwanda cha Inniskillin, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, kilijaribu kutengeneza mvinyo huo, ndege wakazila zabibu zote. Hawakukata tamaa. Mwaka 1984 waliweka nyavu, wakafanikiwa. Mwaka 1991 mvinyo wao wa barafu ulipata tuzo kubwa katika maonyesho ya Vinexpo huko Bordeaux, Ufaransa, na dunia ikafahamu kwamba Kanada nayo ina la kusema katika biashara ya mvinyo. Hao ndio watu walioitumia theluji kama mtaji.

Lakini mtaji huo nao una mwisho wake. Majira ya baridi ya mwaka 2019 kuingia 2020 yalikuwa na joto kiasi kwamba katika maeneo yote 13 ya mvinyo ya Ujerumani hapakupatikana usiku wenye baridi ya kutosha kuchuma zabibu za barafu. Wakulima walingoja na kungoja, zabibu zikawaozea mtini. Mabadiliko ya hali ya hewa tunayoyalilia sisi kwa ukame na mafuriko, wao waliyaona katika chupa ambazo hazikujazwa.

Wafaransa wa Champagne nao wana matumizi yao. Mvinyo wao huchachuka mara ya pili ukiwa ndani ya chupa, na mashapo ya hamira hubaki humo. Chupa huinamishwa na kuzungushwa kidogo kidogo mpaka mashapo yote yateremke shingoni. Kisha shingo peke yake huchovywa katika maji ya chumvi yenye baridi ya nyuzi 25 hivi chini ya sifuri. Kipande kidogo cha barafu hujifunga na kuyashika mashapo. Chupa hufunguliwa, hewa iliyomo hukifyatua kipande kile nje, mvinyo uliopungua huongezwa, na chupa hufungwa upya. Kazi ya sekunde chache, na mvinyo unabaki mweupe pee.

Tena viwanda vingi huupooza mvinyo kwa makusudi, kwenye nyuzi 4 hivi chini ya sifuri, kwa siku kadhaa kabla ya kuutia chupani. Sababu yake ni hii. Tindikali ya zabibu, ikipata baridi, huungana na madini ya potasiamu na kutengeneza chenga ndogo zinazometameta kama sukari guru. Chenga hizo hazina madhara hata kidogo. Zikisafishwa hutumiwa na waokaji wa keki. Lakini mteja akiziona katika bilauri hudhani ni vipande vya kioo. Basi kiwanda huziondoa mapema. Ndiyo maana mvinyo ulioganda nyumbani ukayeyuka huweza kuonyesha chenga chini ya chupa. Peke yake, hiyo si dalili ya ubovu.

Wapo na waliotumia baridi kuongeza ukali wa kinywaji. Walowezi wa Amerika ya Kaskazini, hasa huko New Jersey, walikuwa wakiyaacha mapipa ya pombe ya matofaa nje wakati wa theluji, wakatoa barafu kila siku, na kubaki na kinywaji kikali walichokiita applejack. Hapa sharti tutoe onyo. Barafu huondoa maji tu. Kila kibaya kilichokuwa katika pombe hubaki, tena katika kipimo kidogo zaidi cha kinywaji, yaani kwa ukali zaidi. Tunazo kumbukumbu zetu wenyewe. Novemba 2000, jijini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa, na wengine wakapoteza macho, kwa kunywa pombe haramu iliyokuwa na methanoli. Asije mtu akakudanganya kwamba kinywaji cha namna hiyo kikigandishwa husafishika. Barafu haichuji sumu.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo penye kesi yetu.

Katika Afrika ya Mashariki tunao mvinyo wetu wa Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Baridi ya Dodoma ya mwezi Juni na Julai humfanya mtu avae sweta, lakini haigandishi maji. Mkulima wa kule hana njia ya kutengeneza mvinyo wa barafu mtini, na hana haja nayo. Mvinyo wake, ukiganda, umegandia kwa mwingine: katika friza ya grosari, ya baa, au ya nyumbani. Na ukiharibika huko, lawama hurudi Dodoma.

Fikiria mwenye grosari aliyejaza friza kupita kiasi siku ya mwisho wa mwezi. Kesho yake anakuta chupa sita zimeganda. Mbili zimepasuka, anazitupa. Nne vizibo vimenyanyuka kidogo tu. Anaziacha ziyeyuke, anavibana vizibo kwa kiganja, anafuta shingo kwa kitambaa, na kuzirudisha kwenye rafu. Machoni pake hajaiba. Lakini kizibo kilichosogea kimekwisha kufungua mlango kwa hewa, na mvinyo ulioguswa na hewa, ukikaa siku nyingi katika joto letu, huanza safari ya kuelekea kwenye siki. Baada ya mwezi mmoja anakuja kijana aliyepata mshahara wake wa kwanza, anataka kumpelekea baba mkwe zawadi ya mvinyo wa nyumbani. Ananunua moja ya chupa zile. Inafunguliwa mbele ya wazee, inanuka siki. Kijana anaaibika, baba mkwe anatikisa kichwa, na hukumu inatolewa pale pale: "Vitu vya kwetu ndivyo vilivyo." Kuanzia siku hiyo nyumba ile itanunua mvinyo wa ng'ambo.

Nani aliyemwibia mkulima wa Dodoma soko lake? Hakuwa mdudu wala ukame. Alikuwa mtu mwenye friza na kitambaa cha kufutia.

Haya ndiyo ninayotaka tuyapime leo. Tunapenda kulaumu kiwanda, na mara nyingine kiwanda kina makosa yake. Lakini bidhaa haiishii kiwandani. Ina safari ndefu ya gari, ghala, duka na jokofu, na kila anayeipokea njiani ameshika heshima ya aliyeitengeneza. Mwenye duka aliyegandisha mvinyo amepata hasara, hilo kweli. Hasara hiyo ni yake. Akimsukumia mteja, hasara ya chupa nne inageuka kuwa hasara ya jina zima.

Basi tufanye nini? Tuanze na kuzuia. Mvinyo hauhitaji friza. Ule mweupe hupendeza kwenye nyuzi 8 hadi 12 juu ya sifuri, na mwekundu kwenye 15 hadi 18. Jokofu la kawaida linatosha na kuzidi. Ukiwa na haraka, chukua ndoo, tia barafu, ongeza maji mpaka yafike shingo ya chupa, na chumvi konzi mbili. Chumvi huifanya barafu iyeyuke na kuyashusha maji yale chini ya sifuri, na maji huigusa chupa kila upande, jambo ambalo hewa ya friza haliwezi. Dakika 15 hadi 20 zinatosha, na kwa kuwa ndoo iko mbele ya macho yako, huwezi kuisahau.

Pili, ikiwa imekwisha kuganda, usiifungue na usiigonge. Wala usiimwagie maji ya moto, maana kioo cha baridi kikipata moto ghafla hupasuka hata kama kilikuwa kizima. Ivingirishe kitambaa kizito, isimamishe ndani ya bakuli kubwa, iweke katika sehemu ya chini ya jokofu ambayo haigandishi, na iache mpaka kesho. Kumbuka kwamba ufa mwembamba hauonekani wakati barafu imeushikilia. Huonekana barafu inapoyeyuka. Kwa sababu hiyo, umeme ukikatika usiku na friza ikayeyuka, ikague kila chupa kabla hujaichukua.

Tatu, ichunguze. Kama kioo kina ufa, hata mdogo, mwaga yote. Usichuje. Hakuna kitambaa cha jikoni kinachoaminika kuzuia unga wa kioo, na tumbo la binadamu halina kiraka. Kama kioo ni kizima na kizibo hakikusogea, mvinyo huo hauna sumu wala ugonjwa. Igeuze chupa taratibu mara mbili tatu ili vilivyotengana vikutane tena, onja, na huenda usitambue tofauti kubwa. Kama kizibo kimenyanyuka au shingo inanata, uutumie siku hiyo au ya pili yake, au uupeleke jikoni kwa wale wanaoupikia nyama. Mvinyo wenye povu utakuwa umepoteza sehemu ya uchangamfu wake.

Nne, na hili ni kwa wafanyabiashara: chupa iliyoganda kizibo kikasogea isirudi kwenye rafu. Iandike katika hasara, kama unavyoandika yai lililovunjika. Na wewe mnunuzi, kabla hujatoa fedha yako, tazama shingo. Kizibo kilichojitokeza, karatasi ya juu iliyovimba, alama ya mvinyo uliokauka, au kiasi kilichopungua ni mashahidi wanne. Wakikubaliana wawili, irudishe chupa mahali pake.

Tulisema baridi hutenganisha. Imewatenganisha na watu pia. Mjerumani na Mkanada wanaiomba ije, kwa sababu wanajua watafanya nini ikifika. Sisi tunaileta wenyewe kwa kubonyeza swichi, kisha tunaondoka na kuiacha ifanye ipendavyo. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na kwa chupa hii haraka ina vigae pia.

Mkulima akishafanya kazi yake juani, na kiwanda kikafanya yake, tusiiangushe kazi yao katika hatua ya mwisho, pale penye friza. Na ikianguka mikononi mwetu, tuwe na uungwana wa kusema imeanguka kwetu.